Shanga za Bibi Hazigundishwi

Kazi iliyonilisha ni mabango. Saluni, duka la pembejeo, fundi simu, mama lishe, wakodishaji wa viti na maturubai, mgongo wa bajaji na mbavu za lori la pamba: vyote vimepita chini ya brashi yangu. Kwetu ni Shishiyu, wilayani Maswa, ila riziki niliifuata Bariadi. Mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ulipomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na Bariadi ikawa makao makuu, ofisi zilifunguliwa huku na huku, na kila ofisi ilitaka jina lake ukutani. Miaka ile tulikula. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Kijana anakaa mbele ya kompyuta, anabonyeza, bango linatoka na picha ya mwenye duka akitabasamu. Mimi nikabaki na muda, na makopo ya rangi yaliyofika nusu, na vipande vya plaiwudi vilivyosimama nyuma ya mlango. Ndipo nilipoanza kutengeneza picha ambazo hakuna mteja aliyeziagiza.

Wasomi wa sanaa wana jina la picha za namna hiyo. Wanaziita sanaa ya mchanganyiko, yaani kazi ambayo rangi haikai peke yake bali inakaa na kitambaa, udongo, waya, karatasi, shanga, mfupa, hata picha ya kamera. Vitabu vya Ulaya husimulia kwamba mwaka 1912 Pablo Picasso na Georges Braque walianza kubandika karatasi na kitambaa cha meza juu ya picha zao, na wachoraji wenzao wakashika vichwa. Msukuma wa kwetu aliyelelewa karibu na boma la mtemi, yaani chifu, asingeshika kichwa. Angeuliza tu kitambaa hicho kilikuwa cha nani.

Tazama mtemi alivyovikwa. Kombe jeupe la duara lilitoka Bahari ya Hindi, likapanda na misafara ya wapagazi hadi huku ambako mtu angeweza kuzaliwa, kuoa na kufa bila kuonja maji ya chumvi. Ngozi ya simba ilitoka porini kwetu. Mkuki ulitoka kwa Balongo, wafua chuma. Shanga za kioo ziliyeyushwa Venice, zikavuka bahari, zikabadilishwa kwa pembe na nafaka. Leo kazi ya namna hiyo ikitundikwa katika jumba la maonyesho, kibao chake kitasomeka: kombe, ngozi, chuma, kioo, mbao.

Nalisema hili kwa sababu kila mara ninaposikia kijana wa mjini akisema anatafuta asili yake iliyo safi, isiyoguswa na mgeni, najiuliza ataipata duka gani. Mtemi mwenyewe alikuwa mkusanyo wa vitu vilivyotoka mbali, na hakuna aliyemwambia si Msukuma kamili. Vitu vile vilikuwa vyetu kwa sababu vilipewa kazi kwetu, kila kimoja na siku yake ya kuvaliwa, mtu wake wa kukitunza na mwiko wake.

Mwaka 1963 sheria ilifuta utawala wa machifu Tanganyika nzima. Mtemi akawa raia kama mimi. Ngoma na viti vya enzi vya watemi vikabaki bila kazi, na hilo nitalirudia, kwa sababu lilikuja kunitokea puani katika mabishano ya kifamilia.

Lakini kwanza Wayeye, maana mimi ni mchoraji wa ukutani na hao ndio mababu zangu wa kazi.

Wayeye ni chama cha wachezesha nyoka. Ukilima pamba au mtama huku kwetu unajua kwa nini chama hicho kilihitajika: kifutu analala kwenye njia, swila anaingia ghalani kufuata panya, na hospitali zamani ilikuwa jambo la kusimuliwa. Wayeye walijua dawa za sumu, walijua kumkamata nyoka akiwa hai, na wakati wa ngoma walicheza naye mbele ya watu mpaka wenye roho nyepesi wakakimbia. Mtu hakuwa Myeye kwa kutamani. Aliingizwa, akafundishwa, akapewa dawa na masharti. Mafunzo hayo yalifanyika ndani ya nyumba maalumu, na kuta za ndani za nyumba hiyo zilichorwa.

Tafakari kidogo juu ya kuta hizo. Hazikuwa pambo la mpita njia, kwa kuwa mpita njia hakuruhusiwa kuingia. Palikuwa na nyoka, bila shaka, na watu, wanyama, jua na mwezi, vyote vikisimama bapa juu ya udongo, bila kivuli, bila ule ujanja wa kufanya cha mbali kionekane kidogo. Kila umbo lilikuwa na habari yake: kisa, fumbo, jina la dawa, onyo. Mwalimu anaelekeza kidole, mwanafunzi anajifunza. Mtu asiyeingizwa angeweza kuona nyoka na mtu na asielewe chochote, kama ninavyotazama mimi mchoro wa fundi umeme. Picha ilikuwa na nusu yake ukutani na nusu nyingine kinywani mwa mwalimu.

Na ukuta ulikuwa wa udongo. Mvua ikipiga, mchwa wakipanda, wenye nyumba wakihama, picha inarudi ilikotoka. Sidhani kama hilo liliwaumiza Wayeye. Aliyefundishwa alikuwa ameshafundishwa, na nyumba nyingine ingejengwa.

Aliyeumia ni Hans Cory. Huyu alikuwa Mwaustria, mzaliwa wa Vienna, aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni kuchunguza mila na sheria za watu wa Tanganyika. Alifuatilia michoro hiyo ya Wayeye, akakusanya nakala na maelezo yake, na mwaka 1953 kampuni ya Faber and Faber ya London ikatoa kitabu chake kuhusu michoro ya ukutani ya wachezesha nyoka. Mwaka huohuo kilitoka kingine chake, kuhusu sheria na desturi za Wasukuma. Mzee wa watu hakulala.

Kitabu hicho cha michoro nakishukuru na nakinunia kwa wakati mmoja. Nashukuru kwa sababu bila Cory, kijana wa Shishiyu wa leo asingejua hata mkunjo wa nyoka ulivyochorwa na babu zake. Nanuna kwa sababu kilichotengenezwa ili kionwe na wachache, baada ya kiapo, kiliwekwa kwenye rafu London ambako yeyote mwenye kadi ya maktaba angeweza kukifungua huku akinywa chai. Wale walioapa walitunza siri, na aliyekuja na daftari akaondoka nayo. Kila msanii wa leo anayesema anachimba urithi na imani za wazee wake anasimama hapohapo penye mgogoro huo, ajue asijue: kitu hiki ninachokitoa nje, kilikuwa cha kutoka?

Si kila kitu kilikuwa siri, na nisikupe picha ya watu wanaonong'ona usiku kucha. Kinyume cha nyumba ya Wayeye ni uwanja wa mbina, yaani ngoma. Baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, makundi ya Bagika na Bagalu hushindana. Wazee husema yalitokana na wacheza ngoma wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliotaka kujua nani ana dawa ya kuvuta watu. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule ambaye umati umemfuata. Kwa hiyo kila hila ni halali: chatu shingoni, fisi kwenye kamba, nungunungu, moto, vinyago vya mbao vyenye mikono na miguu inayochezeshwa. Nimewachorea wacheza ngoma mapipa ya ngoma zao, na nakuambia hakuna mteja mkali kama wao. Mwenye duka huuliza bango litadumu miaka mingapi. Mcheza ngoma huuliza kama mtu aliye ng'ambo ya uwanja atageuza shingo.

Sasa kazi yangu mwenyewe.

Picha niliyoifanyia kazi muda mrefu kuliko zote ni ya bibi mzaa baba, aliyezikwa Shishiyu. Nilikuwa na picha yake moja tu, ya kitambulisho, imefifia mpaka macho yamekuwa madoa. Sikutaka kumchora kwa rangi ya mafuta kama mgombea ubunge. Nilitaka awe wa vitu vyake.

Nikaanza na udongo. Wasukuma wana majina ya udongo kama wafugaji walivyo na majina ya ng'ombe: luseni, mchanga wa miinukoni; kikungu, mwekundu; ibushi, wa kijivu wenye chokaa; itogolo, ule mgumu usiopenda jembe; na mbuga, mweusi, mzito, unaonasa kiatu. Nilichota aina nne, nikazianika, nikazitwanga, nikazichekecha kwa kipande cha chandarua, nikachanganya na gundi nyeupe ya maseremala. Kikungu ni mtiifu, kinakaa kama rangi ya dukani. Mbuga ni mkorofi. Ukikauka unajikunja na kupasuka, kama unavyopasuka shambani wakati wa kiangazi, na asubuhi unakuta nusu ya shavu imedondoka sakafuni. Dawa yake niliipata kwa kuupunguza nguvu kwa luseni na kuupaka tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine, kila moja ikauke kivulini. Mipasuko michache niliiacha. Bibi alikuwa na miaka mingi, uso wake haukuwa bango la sabuni.

Nywele ni pamba, na mbegu zake ndani. Bega ni kipande cha kanga yake. Nyuma yake, badala ya mawingu, nimebandika stakabadhi za kuuzia pamba ambazo babu alizitunza kwenye kopo la majani ya chai. Ndizo nyaraka za familia yetu. Babu alikuwa mtu wa ushirika, wa kizazi kilichouona muungano wa vyama vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa ukianzishwa mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, wakati mkulima alipoanza kupima pamba yake kwenye mzani asioushuku. Watu wakisikia neno urithi hufikiria mikuki. Kwetu urithi ni pamoja na stakabadhi.

Vikabaki vitu vya shingoni. Bibi alikuwa na mshipi wa shanga, nyeupe na bluu, alioupokea kwa bibi yake. Wasukuma tuna jina la vitu vya namna hiyo, shitongelejo, vitu vya kumkumbuka mtu aliyetangulia na kumuunganisha na walio hai. Anaweza kuwa mbuzi, inaweza kuwa bangili, kigoda, shanga. Mtoto akiugua ugonjwa usioeleweka na mfumu, yaani mganga, akasema kuna mzee anayedai kukumbukwa, kitu cha huyo mzee kinatafutwa na mtoto anavikwa. Masamva, roho za wazee, hawahitaji hotuba ndefu. Wanataka wajue hawajasahaulika.

Shanga zilikuwa kwa shangazi yangu. Nilimwendea na ubao wenyewe, umefungwa kwenye pikipiki kwa mipira, ili aone nia yangu. Akautazama. Akagusa pamba, akacheka. Akasema pua siyo, pua ya mama yake ilikuwa pana zaidi, na alisema kweli. Nikamwambia, "Sengi, naomba zile shanga. Pengo la shingoni ni lake."

"Unataka kuzifanya nini?"

"Nizigundishe."

Akanyamaza kama anayehesabu. Kisha akasema, "Baba, zikigundishwa zitavaliwa na nani?"

Nikaleta hoja zangu zote. Nikamwambia habari za makumbusho ya Bujora, jinsi vitu vya watemi vilivyotunzwa, watu wanatoka mbali kuvitazama, visingekuwa pale vingeliwa na mchwa. Shangazi hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini jibu lake sijaliona katika kitabu chochote cha sanaa. "Vile vya watemi havina pa kwenda," alisema. "Hizi zina mjukuu."

Tukabishana mpaka chai ya pili. Mwishowe alikubali misumari. Nilipigilia misumari midogo ya kiatu penye shingo ya picha, na shanga zinatundikwa pale siku ya ukoo kukutana, kwa mkono wa shangazi, na jioni zinarudi kwake. Siku nyingine zote ubao una misumari mitupu. Mwenye nyumba ya wageni mmoja wa Bariadi aliupenda, akataka kuununua kwa ajili ya mapokezi, akaniuliza kama naweza kumalizia shingoni na shanga za dukani. Nilimwambia picha imekwisha.

Nilipokuwa kwenye utata huo rafiki yangu mwalimu alinionyesha kwenye simu kazi za Mtanzania ambaye nilipaswa kumfahamu zamani: Everlyn Nicodemus. Alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954. Mwaka 1973 alihamia Sweden, na huko akajikuta, kwa mara ya kwanza, ni mtu mweusi kabla hajawa mtu mwingine yeyote. Mwaka 1978 alianza kusoma elimu ya jamii na tamaduni za watu katika Chuo Kikuu cha Stockholm, akarudi Tanzania kufanya utafiti. Ndipo aliposhindwa kuwatazama watu wake kama vitu vya kuchunguzwa, yeye akiwa na daftari na wao wakiwa mada. Yaani alikataa kiti kile alichokikalia Hans Cory. Akageukia picha na mashairi, na mwaka 1980 akafanya maonyesho yake ya kwanza katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Katikati ya miaka ya 1980 alifanya kazi moja kuhusu mwanamke duniani, kwa hatua tatu: Denmark, Tanzania, India. Alikaa na wanawake kwanza, wakazungumza maisha yao, kisha akachora. Mazungumzo yakitangulia, aliyechorwa anakuwa amesema jambo kabla ya kutazamwa. Baadaye mikono yake ilitoka kwenye rangi tupu na kuingia kwenye vitambaa, uzi na vitu vya kuokoteza. Kazi yake moja ya mwaka 2004 ni utepe wa kitambaa wa mita 16 unaoorodhesha mauaji ya halaiki ya dunia. Namwelewa. Jambo zito kiasi hicho ukilipaka kwa brashi linateleza, lakini ukilishona, kila tundu la sindano linakudai.

Picha yake iliyonikamata mimi ni ile aliyojichora mwaka 1982, akiwa Åkersberga, Sweden. Nyuso zimelaliana, moja inatokea ndani ya nyingine, na huwezi kusema ipi ndiyo yeye. Jumba la Taifa la Picha za Watu mjini London liliinunua, na mwaka 2022 likatangaza kuwa ndiyo picha ya kwanza iliyochorwa na mwanamke mweusi akijichora mwenyewe kuingia katika hazina yake. Miaka arobaini tangu rangi ikauke! Maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha yalifunguliwa Edinburgh, anakoishi, mwaka 2024. Mimi niliyaona kwenye kioo cha simu kilichopasuka, mtandao ukisuasua.

Sitaki kumfanya Nicodemus awe Myeye, wala shangazi yangu awe msomi wa Sweden. Hawafanani. Ila wote wawili, pamoja na wale walimu wa nyoka, wanauliza swali ambalo mchora mabango hakuzoea kuulizwa. Mteja wa bango huuliza bei. Wao huuliza ruhusa ilitoka kwa nani.

Kwa upande wa imani, darasa letu la karibu ni hilohilo la Bujora nililomtajia shangazi. Lipo Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwenye njia ya Musoma. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyeitwa na Wasukuma Fumbuka, alianza kazi pale miaka ya 1950, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujaruhusu mambo mengi ambayo yeye alikuwa ameshayaanza. Kanisa lina umbo la duara la nyumba ya mtemi, altare ina umbo la kiti cha enzi. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968, na humo kila jambo lina nyumba yake: utawala, uganga, uhunzi, ngoma za Bagika na Bagalu. Na kila mwaka, sikukuu ya Ekaristi inapofika, maandamano yanageuka kuwa Bulabo, ngoma zinashindana, nyoka wanachezeshwa hatua chache kutoka sakramenti ilipopita. Wapo Wakristo wanaokunja uso, na wapo wanamila wanaoona mtemi amevalishwa kanzu. Mimi naona padri yule alifanya kazi ya mchanganyiko kwa kipimo cha kilima kizima, na kwa kuwa watu wanaendelea kucheza pale, sehemu ya gundi yake bado haijakauka.

Sasa kigango kimoja huku kwetu kimeniita nichore ukuta nyuma ya altare. Fedha ni kidogo, ukuta ni mkubwa. Nimependekeza udongo badala ya rangi ya dukani, nyeupe, nyekundu na nyeusi, na jua juu, kwa kuwa wazee walimtaja Liwelelo, Mungu, wakitazama juu. Katekista hana shida na jua. Mzee mmoja wa kamati ana shida na nyoka niliyemweka chini ya miguu ya Bikira Maria, si kwa sababu yupo, maana hata Biblia inaye, bali anasema nimemchora kwa mkunjo wa Wayeye, na yeye anaujua mkunjo ule. Nilimuuliza ameujulia wapi. Akasema swali hilo nisilirudie mbele ya watu. Kamati itakaa tena pamba ikishauzwa.